Tutuma wa Ng'ambo

Ukitaka kupita geti la Malaba miaka ile ya sabini, lazima ungejibu maswali mawili. La kwanza lilikuwa la serikali: umebeba nini? La pili lilikuwa lake yeye mlinda geti, na aliliuliza boriti ikiwa bado chini, kamba ameizungusha mkononi: njiani umeona ndege gani? Dereva mgeni alidhani hiyo ni lugha ya kuomba chai. Akianza kupapasa mfuko, alikaripiwa hadi akaona haya.

"Weka pesa zako. Nimekuuliza ndege."

"Ndege... si niliona kunguru, mzee."

"Kunguru kila mtu ameona. Pita."

Lakini dereva aliyesema ameona kitu kikubwa chenye mdomo mwekundu kwenye majimaji karibu na Bumala, huyo alishikwa hapo kwa maswali mpaka malori ya nyuma yakaanza kupiga honi. Miguu rangi gani? Alikuwa peke yake? Aliruka kwa kelele au kimya? Alimhoji kama mtu aliyekamatwa na ng'ombe wa wizi. Nasi tuliofanya kazi pale mbele ya geti tulicheka mpaka mbavu zikauma, mimi nikiongoza.

Tulimwita Mzee wa Geti. Bila shaka alikuwa na jina, mshahara haulipwi kwa geti, lakini mimi sikuwahi kulijua. Mimi ni fundi wa nguo. Charahani yangu ilikuwa kwenye baraza ya duka lililotazamana na geti, hatua thelathini hivi, na kwa miaka minane niliona mgongo wake kuliko uso wake, kwa sababu yeye alitazama mto na mimi nilimtazama yeye. Sina mdomo mzuri, nakubali. Siku moja nilimwambia mbele ya watu kwamba mwanamume anayehesabu ndege ni yule aliyekosa watoto wa kuhesabu. Aliinua boriti, akapitisha lori la chumvi, akairudisha chini. Maneno hayo nimeyajutia hadi leo.

Ujana wake alifanya kazi bandarini Mombasa, na kutoka huko alirudi na Kiswahili ambacho sisi wa huku hatukukizoea. Chetu ni cha kuuliza bei na kuomba njia. Nikimwambia, "Mzee, hiyo ndege yako imekuja," yeye alinirekebisha papo hapo: "Huyo ndege amekuja, mama fundi. Ndege ana roho." Ndiye aliyenifundisha kwamba wale weupe wanaofuata ng'ombe ni yangeyange, kwamba yule anayetupigia makelele alfajiri kama mlango usiotiwa mafuta ni kwarara, na kwamba yule wa kahawia mwenye macho mekundu, anayejificha kwenye matete na kutoa sauti ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, anaitwa dudumizi. Kwetu tulijua tu kwamba huyo akilia, anua nguo, mvua inakuja.

Kilichomkera kuliko vyote ni watu kumwambia kwamba ndege hana pasi. Kila dereva alidhani yeye ndiye wa kwanza kuyafikiria maneno hayo. "Mzee, hao wako wanavuka bila pasi!" Alinuna siku nzima. Kwake yeye ndege alikuwa na upande. Ndege aliyeonekana kutoka geti lake, au kutoka ua wa chumba chake nyuma ya kituo, huyo aliandikwa kwenye daftari lake. Akivuka daraja, basi, ni wa mwenzake.

Sasa nimtaje huyo mwenzake, maana bila yeye huyu wangu haeleweki.

Upande wa pili wa mto, Uganda, kulikuwa na geti jingine, na kwenye geti hilo mzee mwingine. Kutoka barazani kwangu ulimwona mdogo kama kidole, kofia tu na mkono unaopanda na kushuka. Wala hakuna aliyeruhusiwa kuliacha geti lake. Katika miaka yote walishikana mikono mara moja tu: wakubwa wa pande mbili walikutana katikati ya daraja kupigwa picha, na wazee hawa wakatumwa kubeba viti. Watu wote wametulia kutazama kamera, kwarara wakapita juu wakipiga mayowe. Wakubwa hawakugeuza shingo. Wabeba viti wawili waliinua vichwa pamoja, kisha wakatazamana. Urafiki wao ulianzia hapo, kila mmoja akiwa na kiti mkononi.

Kuanzia siku hiyo waliandikiana. Mtu wa baiskeli, Mteso mmoja mcheshi aliyekuwa akipakia abiria na mizigo baina ya mageti mawili, ndiye aliyekuwa posta yao. Asubuhi alipeleka kikaratasi, jioni akaleta kingine. "Yoga, mzee!" alimsalimu kwa Kiteso. "Barua ya mchumba hii hapa." Mzee wa Geti alikinyakua, akaenda kukisomea nyuma ya kibanda, na huko nilimsikia akicheka peke yake. Nilishangaa kila mara. Mtu yule hakucheka na sisi hata siku moja.

Walikuwa wakishindana: nani ameona aina nyingi zaidi kutoka kwake. Sheria yao kubwa ilikuwa moja, nayo aliitamka kama askofu: "Kusikia si kuona." Ndege umsikie mwezi mzima, kama hujamtia machoni, huna. Na hawakudanganyana. Mimi nilimwambia, "Mzee, andika tu tai wawili watatu, nani atakuja kukagua?" Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

Msifikiri alikuwa mtakatifu wa ndege. Kuku aliwala mpaka mifupa akaitafuna. Na uani kwake alikuwa na mpapai mmoja, na mapapai yale yalikuwa yakitobolewa na kuzumburu, wale wadogo wenye mikia mirefu kama mijusi. Kuzumburu alikuwa ameandikwa daftarini kwa mwandiko mzuri, na papo hapo manati ilikuwa mlangoni kwa ajili yake. Nilimwuliza inakuwaje. "Nimeshamwandika," akasema. "Sasa anakula papai langu." Basi ikawa msemo wetu pale sokoni. Mtu akimaliza kumsifu mwenzake kanisani na kutoka nje kumteta, tulisema: ameshamwandika.

Daftari hilo alitaka lisionekane na wakubwa wake. Akaniletea koti lake la kaki nimshonee mfuko wa ndani, upande wa kushoto, usiojulikana. Nilipolipima daftari ili nipate kipimo, nililifungua. Jamani, mimi ni mbea. Kila ukurasa ulikuwa na mistari miwili: wake na wa mwenzake, bega kwa bega. Walikuwa wamelingana kabisa, isipokuwa mahali pawili. Kwenye mstari wake palikuwa na dudumizi, namba nne, na upande wa mwenzake pako wazi. Na chini, upande wa mwenzake, palikuwa na ndege aitwaye tutuma, na upande wake pako wazi.

"Tutuma ndio nani?" nilimwuliza.

"Ndiye nani," akasema. Kisha, polepole: "Sijui. Mwenzangu anaye, mimi sina. Na mimi nina dudumizi, yeye hana. Anasema atanionyesha."

Baada ya hapo vikaratasi vikawa ni tutuma na dudumizi, dudumizi na tutuma. Wako anakaa wapi? Wangu anapenda matete. Wako anakula nini? Mtu wa baiskeli alivisoma njiani, hakuna siri Malaba, na alitupa habari kama redio. Kuna asubuhi moja siwezi kuisahau. Yule wa ng'ambo alitoka kwenye kibanda chake akaanza kurusha mikono yote miwili, kofia imeanguka, anaonyesha matete ya ukingo wa mto, anaonyesha tena, anaruka juu chini. Sote tuliinuka tukidhani kuna moto. Mzee wa Geti alisimama, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama matete kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa: hapana, simwoni. Yule wa ng'ambo akaangusha mikono. Sisi tulicheka mpaka nikavunja sindano.

Mwaka mmoja hivi baadaye yakaja mambo ya kahawa. Waliokuwako wanakumbuka: kahawa ya Uganda ilivuka kwa vichwa, kwa baiskeli, kwa mitumbwi, na watu waliokuwa hawana viatu wakajenga nyumba za mabati. Magendo yalijaza mifuko, na askari wakajaa ng'ambo kuwasaka waliovusha. Mimi mwenyewe nilishona magunia. Ndege tu ndio hawakubadilika, na yeye pia hakubadilika. Alipitisha siku zake akiuliza madereva maswali yake mawili, ingawa sasa la kwanza lilimtia mtu jasho na la pili lilimwacha ameduwaa.

Asubuhi moja mtu wa baiskeli alivuka kama kawaida. Jioni alirudi kwa miguu, bila baiskeli, jicho moja limefura. Alikaa kwenye baraza yangu, nikampa maji, Mzee wa Geti akaacha boriti juu akaja. Sikuwa nimewahi kumwona akiliacha geti lake hivyo.

"Wamenipekua," akasema yule mtu. "Wakapata karatasi yako, mzee."

"Imeandikwa nini?" nikauliza mimi, kwa kuwa mzee hakuuliza.

"Si aliuliza tutuma? 'Tutuma wako anatoka saa ngapi, na anapita njia gani?' Askari mmoja akasoma, akasema hii ni magendo. Tutuma ni lori. Tutuma ni kahawa. Mimi nawaambia ni ndege, ni ndege, afande! Wakacheka. Wakasema nani huyu anaandikiwa. Sikusema, mzee. Haki ya Mungu sikusema. Lakini wao si wajinga, karatasi ilikuwa inaenda getini."

Mzee wa Geti alirudi kwenye boriti yake. Ng'ambo kofia bado ilionekana, mkono ukipanda na kushuka. Siku iliyofuata pia. Siku ya tatu mama mmoja muuza ndizi kutoka ng'ambo akapita kwenye baraza yangu, akajifanya anatazama vitambaa, akaacha kikaratasi chini ya mkasi. Nilikisoma kabla ya kukipeleka. Nimeshasema mimi ni mbea.

Kiliandikwa: "Usiandike tena. Mambo yakitulia nitakuja mwenyewe nikuonyeshe tutuma, nawe unionyeshe dudumizi."

Asubuhi yake kwenye geti la ng'ambo alisimama kijana mwenye bunduki. Hatukumwona yule mzee tena. Wengine walisema alikimbilia kwao, wengine walisema mengine, na wote walisema kwa kunong'ona. Mimi nilipokwenda kumpa pole Mzee wa Geti, nilimkuta amekaa uani, kuzumburu wanne wamejaa kwenye papai, na manati iko mlangoni haijaguswa.

Aliniletea lile koti siku hiyo hiyo. Daftari lilikuwa mfukoni.

"Shona mdomo wa mfuko."

"Na daftari ndani?"

"Na daftari ndani."

Uzi wa kaki ulikuwa umeniishia, nikashona kwa mwekundu. Nilimwambia nitafumua nirudie uzi wa kaki ukifika kutoka Busia, akasema haina haja. Tangu siku hiyo aliwauliza madereva swali moja tu. Wale wa zamani walimletea habari zao hata hivyo: mzee, nimeona hondohondo wawili; mzee, leo kuna kitu cha ajabu pale Amagoro. Aliitikia, "Asante, pita." Nilikosa kelele zile za honi. Nilikosa hata kurekebishwa Kiswahili. Nilianza kusema makosa kwa makusudi, hiyo ndege, ile ndege, nione kama atageuka. Hakugeuka. Upweke wa mtu mwingine ni kitu kizito kukitazama kutwa, na mimi nilikuwa nao mbele ya macho, hatua thelathini, hadi alipostaafu na kwenda kwake, njia ya Bumala.

Vita vya Uganda vilipokwisha, watu walianza kuvuka tena kuja kununua vitu na kushona. Siku moja nilikuwa namalizia gauni la gomesi la mama mmoja wa Kampala, mwenye haraka kama wote wa huko. Mawingu yalikuwa yamekusanyika. Kutoka kwenye matete ya mto ikatoka ile sauti, maji kutoka kwenye chupa, du-du-du-du, ikishuka.

"Maliza upesi, nyabo," akasema yule mama. "Tutuma huyo analia. Mvua inakuja."

Nilisimamisha charahani. "Ati nani?"

"Tutuma. Huyo ndege. Nyinyi hapa mnamwitaje?"

Nilihisi kucheka na kulia kwa pamoja. Wazee wawili, kila mmoja na wake, wameandikiana miaka kuhusu ndege mmoja! Mmoja kamletea jina kutoka pwani, mwingine kampa la Kiganda, na matete yale yale. Nilijiambia: haya ndiyo malipo ya mdomo wangu. Nitampelekea habari hii mwenyewe, afurahi, acheke na mimi kama alivyocheka nyuma ya kibanda.

Siku ya soko la Bumala nilipanda gari, nikaulizia, nikaonyeshwa. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, kiti kimeelekezwa barabara ya Malaba. Amekonda. Jua lilikuwa kali lakini koti lilikuwa mwilini. Alinijua upesi, akainuka, akanitafutia kiti, akachemsha chai mwenyewe.

"Umebeba nini, mama fundi?" akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yale niliona tabasamu.

"Nimekuletea ndege, mzee."

"Haya. Sema."

Nikamwambia. Nilieleza yote, gomesi, mawingu, yule mama, nikiharakisha ili nifike kwenye kicheko. "Tutuma ndiye dudumizi! Ni mmoja! Ulikuwa naye wakati wote!"

Alinimiminia chai. Akaweka birika chini.

"Najua," akasema.

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ile mwenzangu aliporusha mikono. Huyo ndege nilimwona vizuri sana. Alikuwa amekaa juu ya tete, macho mekundu, anakausha mabawa. Namba nne katika daftari langu."

"Mbona ulitikisa kichwa?"

"Ndege wengine wote tulikuwa tumemaliza, mama. Kilichobaki cha kuandikiana kilikuwa huyo mmoja. Ningemwambia, tungecheka siku moja. Na siku ya pili angeniandikia nini?"

Nilikiweka kikombe chini kabla sijaonja.

"Kile kikaratasi kilichoshikwa ni changu," akaendelea. "Tutuma wako anatoka saa ngapi. Nilimwuliza habari za ndege ninayemjua. Nilitaka maneno tu. Uongo mmoja nimesema maishani kuhusu ndege, na ndio huo."

Nikajikaza. "Mzee, labda yeye pia alijua. Si aliandika, 'nawe unionyeshe dudumizi'? Labda na yeye alikuwa anataka maneno."

"Ndilo ninalongoja kumwuliza."

"Vita vimekwisha. Ulikwenda getini kwao kuulizia?"

"Niende niambiwe nini?" akasema, na sauti yake ilipungua hivi kwamba niliinama kuisikia. "Hapa nilipo, bado anakuja."

Hapo ndipo nilipoliona koti vizuri. Upande wa kushoto, pale moyoni, uzi wangu mwekundu ulikuwa umefifia lakini haukuwa umekatwa hata kifundo kimoja. Fundi hatembei bila wembe. Niliutoa kwenye pochi, nikamwambia anipe nimfumulie, alifungue daftari lake, amwandike tutuma na walingane, aondoe huo mzigo. Alifunika mfuko kwa kiganja.

"Wacha. Akija anikute bado nina pungufu."

Nikaurudisha wembe. Mawingu yalikuwa yamefika juu ya mashamba, na kutoka kwenye matete ya chini ya nyumba, karibu kabisa, nyuma ya migongo yetu, akaanza: du-du-du-du. Alilia mara mbili. Alikuwa karibu kiasi kwamba ningegeuza shingo tu ningemwona.

"Kusikia si kuona," akasema Mzee wa Geti. Hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye barabara ya Malaba, nami nikaitazama hiyo hiyo barabara pamoja naye mpaka mvua ikatufukuza.